Mama Aliyekataa Kulala

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nesi wa usingizi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kichwani kwa mgonjwa katika chumba cha upasuaji, kumpa dawa, kumwangalia akizama, na kuhakikisha anarudi. Hakuna aliyenitilia shaka. Watu walinikabidhi wake zao, waume zao na watoto wao, wakakaa nje kwenye benchi wakisali, na nilipotoka walinishukuru hata kabla hawajamshukuru daktari. Shaka ilianza nilipoacha sindano nikabaki na sauti tu.

Niliyoyajua niliyapata sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa daktari mmoja Mzungu, mwanamke mrefu, mkimya, tuliyefanya naye kazi hospitali ya misheni. Dawa zilipopungua alimshika mgonjwa mkono, akamsemesha taratibu, akamtaka ahesabu ngazi anazoshuka, na mara nyingi mgonjwa alihitaji dawa kidogo kuliko tulivyopanga. Ya pili niliipata India, nilipompeleka mume wangu kupasuliwa moyo. Tulikaa miezi mitatu katika nyumba ya wageni nyuma ya hospitali. Kila asubuhi mjane mmoja mzee alitukusanya sisi ndugu wa wagonjwa kwenye paa, akatufundisha kuhesabu pumzi na kulegeza mwili kipande kwa kipande, kuanzia vidole vya miguu. Hakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yake, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lakini mimi ambaye sikuwa nimelala vizuri tangu mume wangu aanguke, nililala juu ya lile paa kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Tuliporudi Dodoma nikasomea kazi hiyo kwa kompyuta, nikafanya mitihani Nairobi, nikapata vyeti na kibali, nikapanga vyumba viwili kando ya barabara iendayo Msalato. Vitabu vinaiita hipnosisi. Kuna walioitafsiri kuwa usingizi wa kiinimacho, na neno hilo limenitesa kuliko matusi, maana kiinimacho ni kazi ya wale watu wa mazingaombwe wanaopita mashuleni kutoa njiwa kwenye kofia. Kwenye kibao changu niliandika Tiba ya Utulivu na Usingizi, nikadhani nimemaliza.

Wapi. Mwenye nyumba wangu, mstaafu wa reli, alikuja siku moja akataka kujua kwa nini watu wanaingia kwangu wamekaza uso na kutoka wamelia. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama humo ndani naweka picha za wateja. Muuza mlenda niliyenunua kwake miaka yote akaanza kunihesabia mafungu akiwa ameinamisha kichwa, macho yetu yasikutane. Majirani walisema nimejiunga na chama cha siri huko India. Ndugu zangu Kondoa walisema nafuga majini, na shangazi yangu akaniletea maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani, kwenye chupa ya soda. Hata mume wangu, mtu niliyemuuguza na kumwogesha, nikimwambia tu, "Pumua taratibu," hufungua macho akasema, "Usianze."

Nami pia si mtu wa kuamini haraka. Kazi ya hospitali ilinifundisha kutotegemea maneno ya mgonjwa. Anakuambia hajala tangu jana, kumbe asubuhi amekunywa chai na chapati mbili, na ukimlaza hivyo anaweza kukufia mikononi. Nilizoea kuangalia mwili badala ya kusikiliza mdomo: koo, kope, rangi ya kucha, namna mkono unavyolegea.

Mtu aliyeniinua katika kazi hii alikuwa afisa wa serikali, mwanamume wa miaka arobaini hivi. Alihamia Dodoma na ofisi yake kutoka Dar es Salaam, lakini kwa asili alikuwa Mgogo wa hapa hapa, kwa hiyo kwake kuhama kulikuwa kurudi nyumbani. Alikuja kwangu kwa sababu alitetemeka kila alipotakiwa kusimama mbele ya wakubwa na kusoma taarifa. Tulikutana mara tano. Nilimfundisha pumzi za yule mjane, nikamshusha ngazi za yule daktari, na mwezi uliofuata alisimama akasoma taarifa yake yote bila hata kushika meza. Tangu siku hiyo alinitangaza ofisini kwao kama mhubiri. Karibu kila mteja mpya aliyepiga hodi mwaka ule alikuwa ametumwa na yeye, na nilipenda hivyo. Nalisema hili sasa kwa sababu linahusika.

Siku moja ya Juni, msimu ule wa baridi ambao upepo wa Dodoma huingiza vumbi mpaka ndani ya sukari, alikuja na mama yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho madogo yaliyokaa ndani, amejifunga kitenge kwa fundo kubwa ubavuni.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mbukwenyi," akasema, akangoja aone kama nitajua kuitikia salamu ya kwao. Nikaitikia kwa lafudhi yangu ya Kirangi, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Mama halali," mwanawe akaniambia. "Tangu mzee atutoke, mwaka wa pili sasa. Anazunguka uani mpaka kunakucha. Na amekuwa msahaulifu sana."

Nikamgeukia mama mwenyewe. "Ni kweli mama, hulali?"

"Anasema silali," akajibu. "Basi silali."

Nilimtoa mwanawe nje, nikamlaza mama kwenye kiti cha kulalia. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, kizito lakini kamili. Sikuona maana ya kumshusha ngazi mtu aliyeishi maisha yake yote katika nyumba ya udongo isiyo na ngazi hata moja, kwa hiyo nilimwambia anashuka korongoni kuchota maji, na ndoo yake ni tupu. Nikamwambia mchanga ni wa baridi chini ya nyayo. Kila akitoa pumzi, anapiga hatua moja. Kila hatua moja, kitu kimoja anakiweka chini. Sikufika mbali. Kabla hajafika kwenye kisima cha mchangani taya lake lilishuka, mkono uliokuwa umeshika fundo la kitenge ukafunguka, na pumzi zake zikawa ndefu na sawa. Ulikuwa usingizi hasa. Nilimwacha dakika arobaini, nikakaa pembeni nikimtazama, nikifurahi kimoyomoyo.

Alipoamka alishtuka, akakaa wima.

"Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, mama. Umelala tu."

"Nimesema nini?" akarudia, akinitazama mdomoni.

Wengi wakiamka huniuliza wamelala muda gani. Wengine huona haya kwa kukoroma. Sikuwahi kuona mtu aliyeamka akiwa na swali hilo, tena mara mbili. Nilipofungua mlango kumtoa, mwanawe aliinuka kwenye benchi, akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Amesema chochote?"

Nikasema hapana. Baada ya wao kuondoka nilikaa na daftari langu bila kuandika. Mama anaogopa kusema, mtoto anangoja aseme, na mimi nimewekwa katikati nikiwa sijui ni jambo gani.

Wiki iliyofuata alikuja akalala pale kitini kama ubao. Nilijaribu korongo, nilijaribu pumzi, nilijaribu vidole vya miguu kimoja kimoja. Alifumba macho kwa adabu, akajibu "ndiyo" kila nilipomuuliza kama anastarehe. Kope zake zilikuwa zinachezacheza kama za mtoto anayejifanya amelala ili asitumwe. Nilipomaliza akasema, "Ahsante mwanangu, nimelala sana." Hakuwa amelala hata nukta moja. Sikumbishia.

Siku mbili baadaye mwanawe akaja peke yake, akafunga mlango, akaniambia habari yote. Marehemu baba yao aliacha shamba upande wa Ihumwa, ambako zamani palikuwa pa mtama na mbuzi, na sasa mji umefika. Hati ilikuwa kwa jina la mama. Wapimaji walikwisha kuja kulikata viwanja, mambo yote yako tayari, lakini hati haionekani. Mama anasema hakumbuki alipoiweka. Yeye alimshuku dada yake, aliyeolewa Kongwa, kwamba anamzungusha mama ili shamba lote liwe lake.

"Kwa hiyo usingizi wa mama ulikuwa kisingizio," nikasema.

"Mama halali kweli. Sikukudanganya. Lakini akiwa amelala vile, si utamuuliza tu?"

"Hiyo si kazi yangu. Mtu akilala kwa njia hii anaweza kusema lolote. Anaweza kusema ndoto, anaweza kusema kile unachotaka kusikia."

"Kwangu ilifanya kazi."

"Kwako nilituliza hofu. Sikukuuliza siri zako."

Akacheka, akainamisha kichwa kwa heshima, heshima ile ya mtu ambaye hajakubali. "Swali moja tu. Nitauliza mimi mwenyewe. Wewe hutafungua mdomo."

Nilipaswa kusema hapana. Tangu siku hiyo nimelijibu swali lile mara nyingi, na jibu linanitoka vizuri sana nikiwa peke yangu jikoni. Siku yenyewe nilifikiria wateja aliokuwa akiniletea. Nilifikiria pia, na hili naona aibu zaidi kulisema, kwamba nilitaka kuona kama inawezekana. Nikamwambia aulize kwa Kiswahili, nami nisikie.

Basi mama akaja mara ya tatu. Alipomwona mwanawe anaingia chumbani pamoja nasi na kukaa kwenye kigoda, hakuuliza kitu. Alipanda kitini mwenyewe, akafumba macho kabla sijaanza. Nilisema maneno yangu. Baada ya muda akalegeza taya, akaanza kuvuta pumzi ndefu zenye sauti. Mwanawe akanitazama kwa furaha. Mimi nilikuwa natazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umeshika fundo la kitenge, na vifundo vya vidole vimetokeza kwa kukaza. Mtu aliyelala hashiki kitu namna hiyo. Na kabla mwanawe hajafungua mdomo, niliona koo la mama likimeza mate, kama mtu anayejiandaa kusoma somo kanisani.

"Mama," mwanawe akasema, "hati ya shamba iko wapi?"

Ikatoka sauti nyembamba, ya mbali, ambayo haikuwa sauti yake: "Nyumba ya zamani. Chini ya kinu. Ndani ya kopo la maziwa."

Mwanawe aliinuka mpaka kigoda kikaanguka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akubariki," akatoka. Nilisikia gari lake likiwaka na kuondoka. Alikuwa amemsahau mama yake kitini.

Mama akafungua jicho moja. "Ameenda?"

"Ameenda."

Akakaa, akajifunga kitenge upya, akaniambia chumba changu kina baridi. Nikamtengenezea chai. Tulikunywa, kila mmoja akimwangalia mwenzake juu ya kikombe. Mwishowe akauliza, "Utamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Haya," akasema, na hilo ndilo lililokuwa jibu langu na lake. Nikamwitia bajaji.

Nisingependa mtu adhani kwamba nilikuwa upande wake. Alipoondoka nilianza kumtilia shaka yeye pia. Nilijiuliza kama kweli alikuwa akimnyima mtoto wake haki yake, kama dada wa Kongwa ndiye aliyempanga, kama mimi nimetumiwa na pande zote mbili. Mwanamke aliyeweza kuigiza usingizi mbele ya nesi wa usingizi angeweza kuigiza mengi. Niliuliza swali hilo hata kwa mume wangu. Akasema, "Wewe ulimruhusu kijana aingie. Anzia hapo."

Siku ya nne mwanawe alirudi. Hakuniamkia. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na suruali ya ofisini ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Alikuwa amekwenda kwenye tembe la zamani, lile lililojengwa na babu yake, lenye dari la udongo, ambamo alizaliwa. Alichimba chini ya kinu, hakuna. Akachimba pembeni mwa kinu, kisha kuzunguka mafiga, kisha kando ya kuta. Alipofika kwenye nguzo moja, dari la chumba cha nyuma likashuka lote. Alinusurika kwa kuwa dakika ile alikuwa ametoka nje kunywa maji.

"Dada yangu alikuja kwako lini?" akauliza.

"Simjui dada yako. Sijawahi kumwona."

"Mama alikuwa amelala. Nilimwona kwa macho yangu. Aliyelala hawezi kudanganya. Kwa hiyo yale maneno ulimpa wewe, siku zile mlizokuwa peke yenu."

"Nilikuambia kwamba hata aliyelala anaweza kusema lolote."

"Uliniambia hivyo ili baadaye uwe na pa kutokea."

Kwa mtu aliyekwisha kushuku, maneno yale yalilingana kabisa na shaka yake. Ningeweza kumwambia kwamba mama yake alikuwa macho. Neno moja lingenisafisha. Lakini nilifikiria yule mama, na nyumba wanayokaa wote wawili, na nikanyamaza. Labda nilinyamaza pia kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini sikusema papo hapo.

Wiki ile simu za wateja zilikatika kama umeme. Ijumaa mgambo akaniletea barua ya wito kutoka ofisi ya kata: nimelalamikiwa kwa kufanya uganga na kumlaghai mama mzee kwa kumtia maneno akiwa hajitambui.

Nilikwenda na vyeti vyangu vyote kwenye bahasha. Mtendaji wa kata alikuwa kijana mnene, mwenye adabu, aliyekaa upande upande ili asikutane na uso wangu. Nilipotoa kibali alikipokea kwa ncha za vidole, na nilipovuta kiti karibu na meza, aliuchukua muhuri wa ofisi akautia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Mlalamikaji alikuwa yule afisa, amekaa kando ya ukuta, amevaa koti. Nje ya dirisha watu waliokuja kwa shida zao walikuwa wamekwisha kujua kuna nini, na walikuwa wamesogea.

"Kibali unacho," mtendaji akasema, akiangalia kalenda. "Hilo halina shida. Shida ni moja. Unaweza au huwezi kumlaza mtu na kumtia maneno?"

Ndipo nilipoona shimo nililokaa. Watu walikuja kwangu kwa sababu waliamini nina nguvu. Kila uvumi ulionitesa ulikuwa pia tangazo. Ili nijitetee, ilinibidi niseme mbele ya dirisha lile kwamba nguvu hiyo sina.

"Siwezi," nikasema. "Asiyetaka kulala halali. Asiyetaka kusema hasemi. Na akisema, hakuna anayejua kama ni kweli, hata mimi sijui."

"Sasa wewe unatibu nini?"

"Ninamsaidia mtu atulie. Basi."

Mtu mmoja dirishani akacheka, na wengine wakafuata. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe kutulia tu? Si angebaki kwake!" Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kilemba njiani. Mlalamikaji hakucheka. Alisema, "Anajishusha ili aponyoke. Mimi mwenyewe alinilaza. Najua ninachokisema." Nilimhurumia ghafla, kwa sababu nilimwona bado ananiamini. Ndiye pekee mle ndani aliyekuwa bado ananiamini.

Kukatokea msukumano mlangoni. Mgambo akasogea, na yule mama akaingia, ameshikwa mkono na mwanamke wa makamo, mwenye macho yale yale madogo. Nikajua huyo ndiye wa Kongwa. Mtendaji akasimama, akawaamkia, akampa mama kiti chake mwenyewe.

"Nimeambiwa mnanizungumzia," mama akasema. "Hati ni ya nani?"

"Ni yako, mama," mtendaji akajibu.

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi nani alinipeleka kwa watu niulizwe mali yangu nikiwa nimefumba macho?"

Akanigeukia mimi, na sikuona wema wowote usoni mwake. "Huyu alifungua mlango akamwingiza. Kosa lake hilo. Lakini maneno hakunipa. Maneno ni yangu. Nilikuwa macho."

Mwanawe akainuka. "Macho?"

"Macho kama sasa."

Alisimama pale, mikono yake yenye malengelenge ikining'inia. Niliona midomo yake ikitetemeka, tetemeko lile lile nililodhani nimelitibu. "Mama, umenifanya nibomoe nyumba ya baba."

"Mimi nilikuambia chini ya kinu," mama akasema. "Kinu kilikuwa kimoja. Kuta nani alikuambia uchimbe?"

Mwanawe akakaa, akaufunika uso. Dada yake alitaka kumwendea, mama akamzuia kwa kiganja, kisha akamwachia. Yule dada akaenda akakaa karibu na kaka yake bila kumgusa.

Mtendaji, lazima nimsifu, alimaliza vizuri. Alimwambia afisa kwamba shamba la mama ni la mama mpaka hapo mama atakapotaka vingine, na kwamba mpimaji asionekane tena bila mama mwenyewe kutaka. Nami aliniandikia onyo: nisimlaze mtu mbele ya mtu mwingine, wala nisiulizie mali ya mtu. Alinipa karatasi huku bado anaangalia kalenda. Niliona onyo lile ni la haki.

Sikulala vizuri wiki kadhaa, na mbinu zangu zote hazikunifaa. Mwezi wa Septemba nikachukua sukari na sabuni, nikaenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alikuwa uani anapepeta uwele, na binti yake, aliyekuwa amebaki naye tangu siku ile, alikuwa anasonga ugali. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Akaniwekea ungo wa pili nimsaidie.

Tulipepeta kwa muda. Nikamuuliza kuhusu mwanawe. Alisema kila Jumapili baada ya misa huenda kwenye tembe, anaijenga upya ile sehemu iliyoanguka, yeye na fundi, na kwamba hawasemezani sana lakini anakula anachopewa. Kisha nikauliza lililonileta pia, kwa sababu nisingeweza kuondoka nalo. "Mama, zile siku tatu, hukulala hata kidogo?"

Akaacha kupepeta.

"Ile ya kwanza nililala," akasema. "Ile ya korongo. Tangu mzee afe sijapata usingizi kama ule. Nilikuwa mahali pazuri. Nilipoamka nikaogopa, nikasema, mahali pazuri namna ile mtu anaweza kutoa kila kitu mkononi. Mwanangu yuko nje mlangoni, na mimi nimelala mdomo wazi. Nikaamua sirudi."

"Na sasa unalala?"

"Saa mbili tu kwa usiku mzima. Saa tatu nikichoka sana." Akatupa makapi upande wa upepo. "Usingizi wako mtamu, mwanangu. Lakini siuwezi. Nina watoto."

Nilikuwa nimemwona mgonjwa aliyepona mbele yangu kwa dakika arobaini, kisha nikamruhusu mtu aingie kumnyang'anya usingizi wake. Nikamwambia kuna sehemu ya kazi yangu isiyohitaji mtu wa kukusemesha, ile niliyojifunza juu ya paa India. Mtu huifanya mwenyewe, na akitaka kuacha anaacha. Akamtazama binti yake. Binti akafunika chungu, akaja akakaa nasi.

Tulihesabu pumzi watatu, pale uani, upepo ukipeperusha makapi. Mama alihesabu kwa Kigogo, jicho moja limefumbwa, jingine likinitazama mimi. Tulipofika kama mara ya saba, lile la pili nalo akalifumba, kisha akalifungua haraka kuona nani amesogea. Hakuna aliyekuwa amesogea.

Mwezi uliofuata binti alinipigia simu kunijulia hali. Alisema mama ameanza kulala mchana baada ya chakula, saa nzima, wakati mwingine mbili. Anaingia chumbani, anafunga mlango kwa ndani, na ukichungulia dirishani unamwona amelala chali, ufunguo mkononi.